Kutoka Chenga hadi Mche: Usanifu wa Mitambo ya Kuchukua Sampuli za Barafu na Mwamba, kwa Kurejelea Bonde la Kilombero na Mlima Kilimanjaro

IKISIRI

Makala hii inafafanua jinsi mitambo ya kuchukua sampuli za barafu, pamoja na mwamba uliofunikwa na barafu hiyo, inavyosanifiwa. Ufafanuzi unaanzia katika Bonde la Kilombero, ambako mchimbaji hukutana na ardhi za namna mbili: mashapo laini ya uwanda wa mafuriko unaoizunguka Ifakara, na mwamba mgumu wa ukingo wa Udzungwa. Makala inaonesha kwamba shimo linalotobolewa katika barafu nene hukusanya matatizo ya ardhi zote mbili, na kwamba kila sehemu ya mtambo ni jibu la tatizo mojawapo. Mfano wa Tanzania ni uchimbaji uliofanyika katika barafu ya Mlima Kilimanjaro mwaka 2000. Hoja kuu ni kuwa ubora wa mtambo wa sampuli hupimwa kwa uaminifu wa kile unachokileta juu. Kina cha shimo ni jambo la pili.

1.0 Utangulizi

Bonde la Kilombero limelala kati ya Milima ya Udzungwa, iliyo upande wa kaskazini-magharibi, na nyanda za juu za Mahenge, zilizo upande wa kusini-mashariki. Mito inayoshuka kutoka pande hizo huingia katika Mto Kilombero, ambao huungana na Mto Luwegu na kuunda Mto Rufiji. Kila masika maji hufurika, na yanapopungua huacha tabaka jipya la mchanga, tope na mfinyanzi. Mwaka 2002 uwanda huu, wenye ukubwa wa takriban hekta 796,735, uliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Huenda ikaonekana ajabu kulitumia bonde la mpunga na miwa kueleza uchimbaji wa barafu. Hata hivyo, zipo sababu tatu za kufanya hivyo. Kwanza, kanuni zinazotawala shimo ni zilezile, liwe limetobolewa katika mchanga au katika barafu. Pili, Tanzania ina barafu yake yenyewe juu ya Kilimanjaro, na barafu hiyo imekwisha kuchimbwa hadi kwenye mwamba. Tatu, maji ya Kilombero huishia katika delta ya Rufiji, penye mikoko na mashamba yaliyo karibu sana na usawa wa bahari. Kiasi cha barafu kitakachoyeyuka katika nchi za mbali kinahusu moja kwa moja mahali ambapo mto huu unakutana na Bahari ya Hindi.

Katika mjadala huu maneno mawili ya nyumbani yatatumika kama istilahi. La kwanza ni chenga. Anayekoboa mpunga Ifakara anazijua chenga: ni mchele uliovunjika, usioweza tena kuonesha punje yake ilikuwa na urefu gani. La pili ni mche, kama ule mche wa sabuni unaokatwa vipande dukani: ni umbo refu, lisilokatika, ambalo mwanzo na mwisho wake vinajulikana. Uchimbaji wowote hutoa chenga. Uchimbaji wa sampuli hulazimika kutoa mche.

2.0 Mashimo Mawili ya Kilombero

2.1 Shimo la uwandani

Anayechimba kisima katika mashapo ya uwandani hapati shida kubwa ya kukata. Mchanga na mfinyanzi hukatika kwa urahisi, hata kwa keekee kubwa ya mkono inayozungushwa na watu wawili. Shida huanza anapofika chini ya usawa wa maji ya ardhini. Hapo mchanga uliolowa hutiririka kuingia katika uwazi uliofanywa, na kuta hubomoka kwa kasi inayoweza kuushinda uchimbaji wenyewe. Shimo lililoachwa usiku kucha linaweza kukutwa asubuhi limejaa.

Wachimbaji hujibu tatizo hilo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kushusha mabomba ya kukinga kuta. Njia ya pili ni kulijaza shimo tope maalumu la kuchimbia, aghalabu lililochanganywa na udongo wa bentonaiti, ambalo uzito wake huzisukuma kuta kwa nje na wakati huohuo huzibeba chenga kuja juu. Chenga hizo hufika zikiwa zimechanganyika. Mchimbaji akiziona anaweza kusema kuwa amefikia changarawe, lakini hawezi kueleza tabaka lile lilianzia sentimita ya ngapi. Kwa kuwa shabaha ya kisima ni maji, kasoro hiyo inavumilika.

2.2 Shimo la ukingoni

Hali ni tofauti kwenye ukingo wa Udzungwa. Mto Kihansi unaposhuka kuingia bondeni hupita katika mwamba wa kale wa naisi, na kituo cha umeme cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180 na kilichoanza kazi miaka ya 1999 na 2000, kimejengwa ndani ya mwamba huo. Maji huanguka kiasi cha mita 850 kabla ya kuizungusha mitambo. Anayekusudia kupitisha maji yenye nguvu hiyo ndani ya mlima hawezi kuridhika na chenga. Anahitaji kujua nyufa za mwamba ziko wapi, zimeinama upande gani na zimejaa nini.

Kwa kazi za namna hiyo wahandisi hutumia bomba linalozunguka, ambalo mdomo wake umepachikwa punje za almasi. Bomba hilo halisagi mwamba wote. Husaga duara jembamba tu, na sehemu ya katikati hubaki nzima, ikaingia ndani ya bomba kama muwa unaoingia mfereji. Maji husukumwa chini ili kuupoza mdomo wa almasi na kuondoa unga wa mwamba. Shimo lenyewe halibomoki, kwani mwamba hujitegemea. Ugumu uko katika kukata: panahitajika uzito wa kukandamiza, nguvu ya kuzungusha na kimiminika kinachopita bila kukoma.

Kwa hiyo Kilombero ina mashimo mawili yaliyo kinyume. La uwandani hukatika kwa urahisi ila halikai wazi. La ukingoni hukaa wazi ila halikatiki kwa urahisi. Msanifu wa mtambo wa barafu hukutana na yote mawili katika shimo moja.

3.0 Barafu kama Ardhi

Barafu ya ncha za dunia hutokana na theluji inayoanguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote. Theluji mpya huigandamiza ya zamani hadi igeuke barafu, nayo hewa iliyokuwa kati ya chembe hufungiwa humo kama viputo. Kila tabaka hubaki na vumbi, chumvi, majivu ya volkano na hewa ya wakati wake. Katika kituo cha Dome C, Antaktika, mche uliochukuliwa na mradi wa Ulaya uitwao EPICA ulifika kina cha takriban mita 3,270, na tabaka zake zinarudi nyuma miaka 800,000.

Barafu huonekana ngumu kama jiwe, lakini chini ya uzito wake yenyewe hutiririka polepole. Mita moja ya ujazo ya barafu ina uzito wa kilo 917 hivi. Katika kina cha mita 3,000, kanieneo la barafu hupita mara 260 ya kanieneo la hewa lililopo pwani. Shimo tupu lililofika huko hufinywa kutoka pande zote hadi lifunge, na mtambo ukiwa chini hubanwa usitoke tena. Hili ni shimo la uwandani, isipokuwa kinachotiririka si mchanga.

Tabia ya pili inahusu viputo vya hewa. Katika kina cha kati, hasa kati ya mita 600 na 1,200 katika maeneo mengi, hewa iliyofungiwa huwa na kanieneo kubwa sana. Mche ukiletwa juu kwa haraka, hewa hiyo hutaka kutanuka na mche hupasuka vipande. Barafu ya eneo hilo hulazwa kwa miezi kadhaa kabla ya kukatwa, ili itulie. Msanifu asiyelizingatia hilo huanza na mche na kuishia na chenga.

Tabia ya tatu ni joto. Karibu na mwamba, barafu hupashwa na joto linalotoka ardhini, na huweza kukaribia kiwango cha kuyeyuka. Chenga za barafu yenye joto hunata kwenye visu, huganda tena na kuuziba mtambo. Kwa hiyo mtambo uliofanya kazi vizuri kwa mita 2,500 unaweza kukwama katika mita za mwisho, ambazo ndizo za kale kuliko zote.

4.0 Sehemu za Mtambo na Sababu Zake

4.1 Visu na bomba la mche

Mtambo wa kawaida wa barafu ni bomba refu lenye mota ya umeme, linaloning'inia kwenye kebo ya chuma. Kebo hiyo hubeba uzito na wakati huohuo hupeleka umeme chini. Mdomoni mwa bomba kuna visu, aghalabu vitatu, vinavyokata duara na kuuacha mche katikati. Juu ya visu kuna meno madogo yenye springi. Bomba linaposhuka, meno hulala na kuupisha mche. Linapovutwa juu, meno huuma barafu, na mche hukatika kutoka chini.

Sehemu inayogeuka chenga si ndogo. Mtambo wa aina ya Hans Tausen, uliotokana na kazi ya wahandisi wa Denmark, huacha mche wenye kipenyo cha milimita 98 ndani ya shimo la milimita 129.6. Hesabu ya maeneo ya duara hizo huonesha kuwa asilimia 43 hivi ya barafu iliyokuwa shimoni hugeuka chenga. Chenga zikiachwa chini, huziba nafasi kati ya bomba na ukuta, na mtambo hukwama. Kwa sababu hiyo bomba la ndani huzungushiwa kingo za mzingo, mfano wa parafujo, zinazozipandisha chenga hadi kwenye chumba chao kilicho juu ya mche. Chumba hicho hulazimika kuwa kirefu, kwa kuwa chenga huchukua nafasi kubwa kuliko barafu nzima.

4.2 Kizuizi cha mzunguko

Mtu aliyening'inia kwenye kamba akijaribu kukaza parafujo ukutani, mwili wake ndio utakaozunguka. Mtambo wa kebo una tatizo hilohilo. Visu vikipata ukinzani, mota huanza kuizungusha sehemu ya juu na kuisokota kebo. Msanifu huweka juu ya mota bamba za chuma zilizopinda, zinazoukandamiza ukuta wa shimo. Bamba hizo huteleza kwenda chini lakini hukataa kuzunguka. Zikiwa legevu, kebo huharibika. Zikikaza kupita kiasi, mtambo haushuki.

4.3 Kebo na idadi ya safari

Mitambo iliyotumia mabomba yaliyounganishwa, kama ya visima, ingehitaji kubeba tani nyingi za chuma hadi katikati ya barafu. Kebo ni nyepesi, na ndiyo sababu inapendelewa. Bei yake ni safari. Ikiwa kila safari huleta mche wa mita 3, shimo la mita 3,000 huhitaji safari 1,000. Kwa wastani mtambo hushuka mita 1,500 na kupanda mita 1,500 katika kila safari, hivyo jumla ya mwendo wa kebo hufikia kilometa 3,000. Reli ya TAZARA, inayopita Ifakara, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Springi ya thamani ndogo ikivunjika katika safari mojawapo kati ya hizo, kazi ya misimu kadhaa huweza kupotea. Kwa hiyo msanifu hupendelea sehemu chache, zinazoweza kufunguliwa na mtu aliyevaa glovu nene.

5.0 Kimiminika cha Shimo

Dawa ya shimo linalojifunga ni kulijaza kimiminika chenye uzito unaolingana na barafu. Maji hayafai kwa kuwa huganda. Kwa miaka mingi msingi wa kimiminika hicho ulikuwa mafuta ya taa au mafuta yanayokaribiana nayo. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko barafu: kipande cha barafu kikitumbukizwa ndani yake huzama. Kwa hiyo huongezewa kemikali nzito ili uzito ulingane na wa barafu, kuta zibaki wima. Kazi yake ni ileile ya tope la bentonaiti katika kisima cha Ifakara.

Kimiminika kina masharti mengi kuliko uzito. Kisigande katika baridi ya nyuzi 30 au 50 chini ya sifuri. Kisiwe kizito kama asali, kwani mtambo utashuka polepole mno. Kisiharibu barafu wala afya ya wanaokigusa kila siku. Katika mradi wa NEEM huko Grinilandi, uliofika mwambani mwaka 2010 katika kina kinachozidi mita 2,500, mchanganyiko uliotumika ulikuwa na kimiminika kitokanacho na mafuta ya nazi. Kwa namna hiyo zao linalojulikana sana Pwani ya Afrika Mashariki limesaidia kulishikilia shimo katikati ya barafu.

Lipo pia suala la uchafuzi. Shimo ni njia ya kuingia sawa na ilivyo njia ya kutoka. Mchimbaji wa kisima huziba mdomo wa shimo kwa saruji ili maji ya mafuriko yasipeleke uchafu kwenye maji safi ya chini. Swali hilohilo liliulizwa kwa ukali kuhusu Ziwa Vostok, lililofunikwa na barafu ya Antaktika. Wachimbaji wa Urusi walipolifikia mwaka 2012, katika kina cha mita 3,769, shimo lao lilikuwa na mafuta ya taa. Maji ya ziwa yalipanda ndani ya shimo na kuganda, lakini mjadala kuhusu ni vijidudu gani vilikuwa vya ziwa na vipi viliingizwa na kimiminika uliendelea baadaye. Sampuli yenye shaka ya namna hiyo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata kama kina chake ni cha kupigiwa mfano.

6.0 Pale Barafu Inapokutana na Mwamba

Mita za mwisho juu ya mwamba huwa na barafu iliyochanganyika na mchanga, changarawe na mawe. Visu vilivyonolewa kwa ajili ya barafu huvunjika vikigonga jiwe la kwanza. Mtambo hulazimika kubadilishwa mdomo: kwanza wa chuma kigumu zaidi, kisha wa almasi. Hapa shimo la uwandani limekwisha na shimo la ukingoni limeanza.

Badiliko hilo huleta matatizo matatu. Kwanza, almasi huhitaji kukandamizwa, ilhali mtambo unaoning'inia kwenye kebo hauna uzito wa kutosha. Pili, kusaga mwamba huzalisha joto, na joto huiyeyusha barafu iliyo kando, hivyo kimiminika kisichoganda lazima kizunguke muda wote. Tatu, bamba za kuzuia mzunguko hushikilia barafu, ambayo haistahimili nguvu kama mwamba.

Historia inaonesha majibu tofauti. Huko Camp Century, Grinilandi, wahandisi wa Jeshi la Marekani, wakiongozwa na Lyle Hansen na Herbert Ueda, walianza kwa mtambo wa pete ya moto iliyoyeyusha barafu, kisha wakahamia mtambo wa umeme wenye kukata. Mwaka 1966 walifika chini ya barafu katika kina cha mita 1,387, wakachukua takriban mita 3.5 za udongo ulioganda. Mradi wa GISP2, pia wa Grinilandi, ulifika mita 3,053 mwaka 1993 na kuchukua mche wa mwamba wenye urefu wa mita 1.55.

Njia nyingine ni kuacha kebo na kurudi kwenye mabomba, pale barafu inapokuwa nyembamba. Mtambo wa Marekani uitwao ASIG ulitengenezwa kwa kurekebisha mashine ya kawaida ya kutafutia madini. Katika msimu wa 2016 na 2017 ulitoboa barafu ya kiasi cha mita 150 karibu na vilima vya Pirrit, Antaktika, na kuchukua mita 8 za mwamba. Mabomba yaliupa mtambo huo kile ambacho kebo haina: uzito na ukinzani. Fundi aliyezoea kuchimba mwamba wa Udzungwa angezitambua sehemu zake nyingi.

7.0 Kilimanjaro, Mwaka 2000

Barafu ya Kilimanjaro haihitaji mtambo wa mita 3,000. Changamoto yake ni nyingine. Eneo la barafu la kaskazini liko karibu mita 5,800 juu ya usawa wa bahari, na hakuna barabara ya kufika huko. Mtambo lazima ugawanyike katika mizigo inayoweza kupandishwa na wapagazi, kisha uunganishwe tena na watu wanaopumua hewa yenye nusu tu ya oksijeni ya pwani. Kwa hiyo kigezo cha kwanza cha usanifu ni mgongo wa mtu.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 kikundi kilichoongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, kilichukua miche sita kutoka katika maeneo matatu ya barafu ya mlima huo, ikifika hadi mwambani. Mrefu kuliko yote ulikuwa na mita 50.9; mfupi kuliko yote, wa barafu ya Furtwängler, ulikuwa na mita 9.5, na barafu yake ilikuwa imelowa maji. Kwa kina hicho shimo halifungi haraka, hivyo suala la kimiminika kizito halikuwa na uzito wake wa kawaida. Joto ndilo lililokuwa tishio. Barafu ya mlima huu iko chini kidogo tu ya nyuzi sifuri, na mche uliotolewa lazima ushushwe, upite katika nchi ya joto na usafirishwe hadi Ohio bila kuyeyuka. Usanifu wa mtambo, kwa maana hiyo, hauishii mdomoni mwa shimo. Chombo cha kuhifadhia baridi ni sehemu yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Yalionesha, miongoni mwa mengine, tabaka la vumbi linaloonekana kwa macho, lililohusishwa na ukame mkubwa wa miaka 4,000 iliyopita. Tabaka kama hilo lisingeonekana katika chenga. Lilionekana kwa sababu mche ulifika ukiwa mzima. Kwa nchi ambayo mabonde yake, Kilombero likiwamo, hutegemea mvua inayobadilikabadilika, ushahidi kwamba ukame wa namna hiyo uliwahi kutokea una maana ya moja kwa moja.

Ripoti hiyo ilikadiria pia kuwa asilimia 80 hivi ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka 2000, na kwamba iliyobaki ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Muda huo umepita na mabaki ya barafu bado yapo, ingawa yanaendelea kupungua. Kosa la makadirio halipunguzi thamani ya miche. Linaionesha zaidi: makadirio yanaweza kurudiwa upya kila mwaka, ilhali barafu iliyokwisha kuyeyuka haiwezi kuchimbwa tena.

8.0 Mwamba kama Shahidi

Thompson na wenzake walikadiria kuwa barafu ya chini kabisa ya Kilimanjaro ina umri wa miaka 11,700 hivi. Kaser na wenzake (2010) walihoji hitimisho hilo, wakisema kuwa barafu ya mlima huu inaweza kuwa iliwahi kutoweka na kurudi zaidi ya mara moja katika kipindi hicho. Mgogoro huu hauwezi kumalizwa na barafu peke yake, kwa kuwa barafu iliyotoweka haiachi tabaka. Anayeweza kutoa ushahidi ni mwamba ulio chini yake.

Mwamba usiofunikwa hupigwa na mionzi ya kosmiki kutoka anga za mbali. Mionzi hiyo huzalisha ndani ya madini kiasi kidogo sana cha atomu ambazo kwa kawaida hazipatikani humo, kama vile beriliamu-10 na aluminiamu-26 katika madini ya kwatzi. Barafu nene ikiufunika mwamba, mionzi huzuiwa, na atomu hizo huanza kupungua kwa kasi zinazojulikana: nusu ya beriliamu-10 hutoweka katika miaka milioni 1.4 hivi, na nusu ya aluminiamu-26 katika takriban nusu ya muda huo. Kwa kulinganisha mabaki ya zote mbili, watafiti hukadiria mwamba ulikaa wazi kwa muda gani na ulifunikwa kwa muda gani.

Mwamba wa GISP2 ulipopimwa kwa njia hiyo, miaka zaidi ya 20 baada ya kuchimbwa, Schaefer na wenzake (2016) walihitimisha kuwa Grinilandi iliwahi kukaa karibu bila barafu kwa vipindi virefu ndani ya miaka milioni 1.4 iliyopita. Udongo wa Camp Century nao ulipochunguzwa upya ulikutwa na mabaki ya mimea, na mwaka 2023 ilitangazwa kuwa mahali pale palikuwa wazi miaka 416,000 hivi iliyopita. Kipimo cha pili kilitegemea chembe ambazo hazikuwa zimeona mwanga tangu zilipofunikwa. Mche uliofunguliwa kwenye jua ungeifuta saa hiyo mara moja. Barafu yote ya Grinilandi ikiyeyuka, bahari itapanda kwa takriban mita 7. Kwa delta ya Rufiji, mita chache za mwamba kutoka Grinilandi si habari ya mbali.

Kilimanjaro huweka sharti jingine. Ni mlima wa volkano, na miamba ya kileleni kwake ni haba wa kwatzi, tofauti na naisi ya Udzungwa. Njia mbadala ni klorini-36, ambayo Shanahan na Zreda (2000) waliitumia kupima umri wa mawe yaliyoachwa na barafu ya kale ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kwa hiyo anayesanifu mtambo kwa ajili ya mwamba wa Kilimanjaro lazima ajue mapema maabara itatafuta nini: mche uwe na uzito kiasi gani, uepushwe na kemikali zipi, na mwelekeo wake uandikwe vipi. Swali la maabara hutangulia, na visu hufuata.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa mtambo wa kuchimba barafu na mwamba hauna siri isiyoweza kuelezwa kwa uzoefu wa Kilombero. Kimiminika cha shimo ni ndugu wa tope la kisima. Mdomo wa almasi ni uleule wa ukingoni. Kebo, bamba na kingo za mzingo ni majibu ya umbali, mzunguko na chenga. Kinachoutofautisha mtambo huu ni wajibu wake. Kisima kikikauka, kingine huchimbwa hatua chache kando. Tabaka la barafu la miaka 4,000 iliyopita likivunjwa na kisu kibaya, hakuna la kando yake litakalosubiri kisu bora kwa muda mrefu, hasa juu ya Kilimanjaro.

Udongo wa Camp Century ulikaa ghalani zaidi ya miaka 50 kabla ya kutoa jibu ambalo waliouchimba hawakuwa na kipimo cha kulitafuta. Uliweza kujibu kwa sababu ulitolewa na kutunzwa kama mche. Hilo ndilo linalomdai msanifu wa leo, awe anafikiria Antaktika au kilele cha Kilimanjaro: alete juu kitu kizima, chenye mpangilio wake, ili atakayekuja na swali jipya akikute kipo.